Dhamana ya bati kwenye paa lililojificha: ya kumaliza kabla fundi hajashuka

Nyumba ambazo ukuta umepanda juu ya paa zimejaa Dar es Salaam, Dodoma na Arusha, na Nairobi na Mombasa pia. Ukiwa barabarani unaona parapeti tu, imenyooka. Nyuma yake mara nyingi kuna bati lilelile la migongo la mapaa ya kawaida, ila limelazwa mpaka nyuzi 3 au 4 ili lisichungulie juu ya ukuta. Bati halikubadilika, lakini ahadi ya kiwanda imeshabadilika: karibu kila dhamana ya bati imefungwa kwenye mwinuko wa chini uliotajwa kwa aina hiyo ya bati, na ukishuka chini yake, karatasi uliyopewa haina kazi.

Tatizo hili hujulikana wakati mbaya, mwaka wa pili au wa tatu, siling bodi ikishaanza kupiga madoa ya njano. Wakati wake hasa ni pale kenchi zinapopigwa, kwa kuwa kuinua papi (mbao zinazobeba bati juu ya kenchi) siku hiyo ni kazi ya siku mbili na mbao chache. Baada ya finishing ni kubomoa.

Kwanza, jua unashika dhamana ipi

Wengi wanasema "bati lina dhamana ya miaka 15" kana kwamba ni ahadi moja. Ni tatu, na kila moja ina mwenyewe.

Ya kwanza ni ya kiwanda kuhusu bati lenyewe: halitatoboka kwa kutu ndani ya miaka kadhaa, na rangi haitabanduka wala kufifia kupita kiasi. Kuvuja kwenye maungio, kwenye tundu la skrubu au kwenye gata hakumo. Ya pili ni ya mkandarasi au fundi kuhusu kazi ya mikono yake, ambayo kwenye mikataba mingi ni kipindi cha uangalizi wa kasoro cha miezi 6 hadi 12, huku sehemu ya malipo ikizuiwa. Ya tatu ni ya kutovuja, pale ambapo kiwanda na mfungaji aliyeidhinishwa wanaahidi pamoja kwamba paa zima litakuwa kavu. Hii kwa nyumba za makazi ni adimu. Ikiwepo, hutolewa baada ya mkaguzi wa kiwanda kupanda juu, na siyo kwenye kaunta ya duka la vifaa.

Ukisoma karatasi ya kiwanda, tafuta mambo haya kabla hujaangalia idadi ya miaka: mwinuko wa chini kwa aina ya bati ulilonunua, umbali kutoka baharini, tarehe dhamana inapoanza, na namna fidia inavyohesabiwa. Dhamana nyingi hupungua kila mwaka. Ya miaka 10 inayopungua sawasawa, mwaka wa 7 ukiisha, inabaki na asilimia 30 ya bei ya bati, na mara nyingi haigusi kabisa gharama ya fundi, siling wala samani zilizoloa.

Tarehe ya kuanza inaumiza sana watu wanaojenga kidogo kidogo. Bati likinunuliwa bei ikiwa nzuri na kukaa stoo miaka miwili boma likisubiri, dhamana inayohesabu kutoka tarehe ya ankara imeshakula miaka miwili kabla bati halijaona jua. Kama boma halijafika lenta ya juu, lipia oda kwa makubaliano ya kuchukua mzigo baadaye, tena yaandikwe kwenye proforma (ankara ya awali).

Angalia pia jina. Fundi akipewa pesa akanunua bati kwa jina lake, mteja wa kiwanda ni fundi. Proforma, ankara na risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) ziwe na jina la mwenye nyumba na eneo la kiwanja.

Pima mwinuko, usiukadirie kwa macho

Huhitaji mashine. Chukua pima maji ya mita 1, iweke juu ya mgongo wa bati (au juu ya kenchi kama bati bado) kufuata njia ya maji. Upande wa juu uguse, inua upande wa chini mpaka povu likae katikati, kisha pima kwa futi nafasi iliyopo kati ya ncha ya chini na bati. Ikiwa mm 52, una nyuzi 3. Mm 87 ni nyuzi 5, mm 176 ni nyuzi 10, na mm 268 ni nyuzi 15. Programu ya simu inaweza kukudanganya nyuzi moja au mbili, na hapa nyuzi moja ndiyo hoja nzima.

Pima sehemu zisizopungua sita: juu, katikati na chini, pande mbili za paa. Kisha vuta uzi kutoka papi ya juu mpaka ya chini uone kama papi zote zinaugusa. Kwenye nyuzi 3, kati ya papi mbili zilizo umbali wa mita 1.2 maji yanashuka mm 63 tu. Papi ya katikati ikizama mm 20 kwa sababu mbao ilikuwa mbichi, karibu theluthi ya mwinuko wa kipande hicho imepotea, na palepale maji yatapungua kasi. Ndiyo maana paa la namna hii linataka mbao kavu na kenchi zilizokaribiana zaidi kuliko paa la kawaida. Fundi anayesema "mbao itakaa yenyewe" anazungumzia paa la nyuzi 25.

Kwa mizani ya kulinganisha: kanuni ya ujenzi ya IBC inayotumika sehemu kubwa ya Marekani inataka mwinuko wa asilimia 25, yaani nyuzi 14, kwa bati linalolaliana bila utepe wa kuziba kwenye maungio. Likizibwa kwa utepe, inaruhusu kushuka hadi asilimia 4, kama nyuzi 2.3. Bati la kusimama ambalo kingo zake hukunjwa pamoja bila kutobolewa juu linaruhusiwa asilimia 2. Kiwanda chako kina namba zake, na hizo ndizo zinazokuhusu, lakini sababu ni ileile: bati linalolaliana ni mfano wa magamba ya samaki. Linamwaga maji, halina uwezo wa kuyazuia yakisimama juu yake. Mwinuko ukipungua, maji huenda polepole, kina chake huongezeka bondeni (kati ya mgongo mmoja wa bati na mwingine), na upepo huyasukuma kurudi juu kupitia maungio.

Kwa nini namba huishia nyuzi 3

Mara nyingi fundi hana kosa. Kosa limo kwenye mchoro. Tuseme parapeti ina mita 1 juu ya lenta, na nyumba ina upana wa mita 10. Gata inakula mm 200 chini. Flashi, yaani bati la kuziba pale paa linapokutana na ukuta, inataka mm 150 juu ya bati upande wa juu. Mbao na mgongo wa bati vinachukua kama mm 50. Zinabaki mm 600 za kupandisha paa kwa mita 10: nyuzi 3 na nusu, hata fundi afanye nini.

Lakini ukiweka mgongo wa paa katikati na gata mbili, moja kila upande, mm 600 zilezile zinapandishwa kwa mita 5. Unapata karibu nyuzi 7, mara mbili, bila kuongeza tofali hata moja, na kila gata inapokea nusu ya maji. Kwa nyumba pana, hili ndilo suluhisho la kwanza la kufikiria. Kinyume chake, yaani kuelekeza pande zote mbili kwenye gata ya katikati juu ya sebule, usikubali. Gata hiyo ikiziba kwa majani siku moja ya masika, maji hayana pa kwenda ila ndani.

Kama haitoshi, njia nyingine ni hizi, kwa mpangilio wa kuaminika kwake: kuongeza kozi moja au mbili za tofali kwenye parapeti; kubadili aina ya bati na kuchukua la migongo mirefu au la kusimama lililoruhusiwa kwa mwinuko mdogo; kubaki na bati lilelile kwa kuziba maungio yote kwa utepe wa butili (mpira laini unaonata), kiwanda kikikubali kwa maandishi; na mwisho, kuachana na bati, ukaweka zege au ubao wenye tabaka la kuzuia maji. Hii ya mwisho ni halali kabisa. Paa la nyuzi 1 si kazi ya bati la kulaliana.

Njia moja isiyofaa ni kumwaga lami au rangi ya kuzuia maji juu ya maungio ya bati jipya. Jua likilipanua bati, lami inapasuka, kisha maji yanaingia chini ya lami na kukaa hapo yakila chuma. Mkaguzi wa kiwanda akiiona, anaandika kwamba uso wa bati umebadilishwa, na mazungumzo yanaishia hapo.

Andikia kiwanda kabla ya kufunga

Jibu la mdomo la muuza duka halina uzito. Andika barua pepe kwa kiwanda, nakala kwa duka lililokuuzia, kwa maneno haya au yanayofanana:

"Tunajenga nyumba ya makazi eneo la ______, umbali wa mita ______ kutoka baharini. Paa liko nyuma ya parapeti. Mwinuko uliopimwa ni nyuzi ______. Urefu wa bati kutoka mgongo wa paa hadi gata ni mita ______, bila ungio la katikati. Bati ni aina ya ______, geji ______, uzito wa kinga ______, namba ya koili ______. Papi ni mbao za ______ zilizo umbali wa mm ______. Tunaomba mtuthibitishie kwa maandishi: dhamana inakubalika kwa mwinuko huu? Ni skrubu zipi na ngapi? Ungio la upande lizibwe kwa nini? Kuna sharti gani la usafi na ukaguzi? Tutasimamisha ufungaji mpaka tupate jibu."

Ambatanisha picha ya mchoro na picha ya pima maji ikiwa juu ya kenchi. Namba ya koili (roli la chuma lililotoa bati hilo) na alama ya shirika la viwango, TBS, au KEBS kwa Kenya, hupatikana kwenye maandishi yaliyopigwa upande wa chini wa bati. Yapige picha kabla hayajageuziwa chini, maana baada ya siling huyaoni tena. Hakikisha pia geji. Bati la geji 28 lina unene wa karibu mm 0.4, na la geji 30 karibu mm 0.3, kipimo cha unene kwenye ukingo uliokatwa kinamaliza ubishi. Kwa kinga, AZ150 maana yake ni gramu 150 za mchanganyiko wa alumini na zinki kwa kila mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. AZ70 ni chini ya nusu ya hapo, na kwa macho zinafanana.

Proforma nayo iseme kazi ya bati: "kwa paa la nyuzi 5 nyuma ya parapeti, Kigamboni, mita 800 kutoka baharini". Chini ya sheria ya mauzo ya bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, muuzaji aliyeelezwa matumizi, na ambaye mnunuzi ametegemea ujuzi wake, anawajibika bidhaa ifae kwa matumizi hayo. Mstari mmoja kwenye proforma unakupa mguu wa kusimamia hata pale karatasi ya dhamana inapokuacha.

Kiwanda kikijibu "hapana", hilo nalo ni jibu zuri, kwa kuwa limekuja kenchi zikiwa wazi. Rudi kwenye mgongo wa katikati.

Kufunga: mahali dhamana nyingi hufia

Agiza bati kwa urefu kamili kutoka mgongo wa paa hadi gata ili kusiwe na ungio la katikati. Viwanda vingi hukata kwa urefu unaotaka, na kikomo huwa gari la kubebea. Ungio likilazimika chini ya nyuzi 15, lilaliane walau mm 200, au zaidi kiwanda kikitaka, na mistari miwili ya utepe wa butili, mmoja karibu na ukingo wa chini na mwingine karibu na ukingo wa juu, papi ikiwa chini yake.

Ungio la upande nalo lina adabu zake. Anza kulaza kutoka upande ambao upepo wa mvua unaelekea, ili mdomo wa ungio uupe upepo kisogo. Bati lenye mfereji mdogo ukingoni, ule wa kukata maji yanayopanda kwa kunywewa kati ya bati mbili zilizobanana, upande wa mfereji ulale chini, na utepe usiuzibe. Utepe unakaa juu ya mgongo, halafu ungio linashonwa kwa skrubu fupi kila mm 500. Bila mishono hiyo, mtu akikanyaga, ungio linafunguka na utepe unaachia.

Misumari ya bati ikae mbali na paa hili. Bati la mita 12 likipanda joto nyuzi 50 za Selsiasi, kutoka alfajiri yenye umande hadi saa nane mchana, linarefuka mm 7. Likifanya hivyo kila siku, msumari unapanda polepole na kuacha tundu. Tumia skrubu zenye washa ya mpira wa EPDM, zizame kwenye mbao angalau mm 35. Zipigwe juu ya mgongo, kamwe si bondeni, maana bonde ni mto. Papi ya juu kabisa na ya chini kabisa zipate skrubu kila mgongo. Za katikati, mgongo mmoja ndiyo, mmoja hapana, isipokuwa pembeni ambako upepo unavuta zaidi na ramani ya kiwanda itasema.

Washa ndiyo shahidi wa kazi. Ikikazwa sawasawa, mpira unachungulia kidogo tu kuzunguka washa ya chuma. Ukiona mpira umepasuka na kutoka kama ulimi, imekazwa kupita kiasi. Ukiweza kuizungusha kwa vidole, haijakazwa. Skrubu iliyokaa mshazari itavuja upande mmoja hata ikazwe vipi. Kosa kubwa la site zetu ni kuipiga skrubu kwa nyundo ishike, kisha kumalizia kwa drili: tundu linatanuka na mgongo unabonyea. Drili iwe na klachi, inayoachia skrubu ikishakaza. Kwa kinga ya kutu, kiwango cha Australia cha AS 3566 kinagawa skrubu kwa madaraja. Daraja la 3 linatosha bara, na la 4 kwa ukanda wa bahari. Usidhani skrubu ya chuma cha pua ndiyo bora zaidi: ikigusana na bati la zinki au alumini-zinki penye chumvi, bati ndilo linaloliwa kuzunguka tundu.

Kukata, tumia mkasi wa bati au mashine ya kung'ata. Grainda inachoma kinga kando ya mkato, na cheche zake hujibandika kwenye rangi. Baada ya mvua mbili unaona vidoti vya kutu vimesambaa mita tatu kuzunguka. Hata vumbi la chuma la drili lifagiwe kila jioni kabla ya kushuka. Alama za kukatia zichorwe kwa kalamu ya wino, kwa kuwa penseli ya kawaida ina grafiti, nayo inakula kinga.

Mwisho wa ufungaji kuna hatua ambayo mafundi wengi huiruka: ncha ya juu ya kila bonde ikunjwe kwenda juu kwa koleo maalumu, chini ya kofia au flashi, na ncha ya chini ikunjwe kidogo kuingia gatani. Mkunjo wa juu unazuia maji yanayosukumwa na upepo yasivuke kwenda ndani. Wa chini unayafanya yadondoke badala ya kurudi nyuma chini ya bati. Kwenye nyuzi 5 mkunjo huu si pambo.

Gata na parapeti

Malalamiko mengi ya "bati linavuja" ukiyafuatilia yanaishia gatani au ukutani. Fanya hesabu mapema. Paa la mita 10 kwa 15, likipokea mvua ya mm 150 kwa saa, linakusanya mita za ujazo 22.5 kwa saa, yaani lita 6.25 kila sekunde. Bomba la inchi 4 likiwa na maji ya kina cha mm 30 juu ya mdomo wake hupitisha zaidi kidogo ya lita 2 kwa sekunde. Kwa hiyo ni mabomba matatu, na wengi huweka moja.

Gata iwe na upana wa mm 300 au zaidi, ili mtu aweze kusimama ndani na kuisafisha, na mteremko wa 1 kwa 200 au zaidi, yaani mm 5 kila mita. Toboa parapeti matundu ya dharura yenye upana usiopungua mm 200, chini yake pakiwa mm 30 chini ya ukingo wa gata wa upande wa nyumba. Mabomba yakiziba, maji yatamwagika nje mbele ya macho ya kila mtu, badala ya kuingia sebuleni kimyakimya.

Flashi ipande ukutani mm 150 juu ya bati, juu yake iingizwe kwenye mfereji uliokatwa ukutani wa kina cha mm 20 hadi 25, na upande ifunike walau migongo miwili. Plasta mbichi isiguse bati wala flashi: saruji ni alkali, na zinki na alumini zote haziivumilii. Maliza plasta ya parapeti na uiache ikauke kabla bati halijapanda. Ikishindikana, funika bati kwa nailoni na osha tone lolote siku hiyohiyo. Juu ya parapeti, kichwa cha ukuta kiinamishwe kuelekea ndani kwa gata na kiwe na kinga ya maji. Ukuta wenye ufa juu unanywa mvua na kuitoa chini ya flashi, na hakuna dhamana ya bati duniani itakayolipia ufa wa plasta.

Vitu visivyopatana na bati

Mbao za dawa za kijani zilizotibiwa kwa chumvi za shaba zikiwa bado zimeloa huila kinga ya bati kutokea chini. Zikauke kwanza, na kati ya papi na bati weka utepe wa nailoni nzito au karatasi ya lami. Mabomba ya shaba ya viyoyozi yasipite juu ya bati, na maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi yaongozwe kwa bomba la PVC hadi nje ya paa. Maji yaliyopita kwenye shaba huacha mstari wa kutu ndani ya muda mfupi. Silikoni iwe isiyo na asidi. Ukiifungua ikanuka siki, irudishe dukani.

Bati likifika site mapema, lipangwe juu ya mbao, upande mmoja umeinuka, chini ya turubai yenye upenyo wa hewa. Mzigo ukiloa katikati ya bati zilizobanana, unapata kutu nyeupe, na viwanda huiita uhifadhi mbaya, ambao haumo kwenye dhamana.

Baada ya fundi wa bati kushuka

Hapa paa huharibiwa na watu ambao hawakulifunga: fundi wa dishi, wa sola, wa kiyoyozi, wa tanki. Kuanzia siku bati limekamilika, ngazi ifungwe kwa kufuli, na anayepanda aandikwe jina, tarehe na kazi. Njia ya kupita iwekewe mbao zinazolala kwenye papi. Tanki la maji lisikae juu ya bati hata siku moja. Lijengewe nguzo zake au likae juu ya zege. Fremu ya sola ifungwe kwenye mgongo, juu ya kenchi, na kila tundu lipate washa ya EPDM. Bomba linalotoboa paa livalishwe kola ya mpira, si kuzungushiwa silikoni tupu.

Jaribu maji kabla ya siling. Anza na mpira wa kawaida, bila presha, kutoka chini ya paa, dakika 15 kila sehemu, ukipanda polepole; ukianzia juu, maji yatashuka na hutajua yaliingilia wapi. Mtu mmoja akae ndani na tochi na chaki. Kisha ziba mabomba ya gata na uijaze mpaka maji yatoke kwenye matundu ya dharura, yakae saa moja, ndani pakaguliwe. Piga picha za video zenye tarehe.

Malipo ya mwisho ya fundi yasubiri vitu hivi: video ya jaribio, barua ya kiwanda yenye mwinuko uliopimwa, cheti cha dhamana chenye jina lako na namba ya koili, na risiti ya EFD. Mkandarasi aliyesajiliwa na CRB, bodi ya usajili wa makandarasi, hatashangaa ukiviomba. Sehemu ya fedha iliyozuiwa ivuke angalau masika moja kamili. Kipindi cha miezi 6 kinachoanza Juni kinaisha kabla ya masika, kwa hiyo andika tarehe ya mwisho kwa jina la msimu: "mpaka masika ijayo iishe".

Panda tena baada ya mvua kubwa ya kwanza, ikishapita masaa machache. Zungushia kwa chaki kila mahali palipobaki dimbwi na upige picha. Safisha gata kabla ya masika na kabla ya vuli. Kwa walio karibu na bahari, osha kwa maji yasiyo na chumvi kila miezi 6 sehemu ambazo mvua haizifikii, hasa chini ya fremu za sola na kivuli cha parapeti, maana chumvi hukaa hapo, na karatasi nyingi za dhamana zinataka uoshaji huo uwe na kumbukumbu. Daftari la shule lenye tarehe na picha kwenye simu vinatosha.